Volnay ya 1999: naikaguaje kwa pua tu?

Mhudumu_Kendwa
Asalaam alaykum. Kesho usiku kuna meza ya watu wanne, wameagiza Volnay ya 1999, mvinyo mwekundu wa Burgundy, Ufaransa, wa zabibu za Pinot Noir. Mie sinywi, kwa hiyo sitoionja. Macho na pua vinatosha kujua kama nzima? Imelazwa kwenye friji ya mvinyo, nyuzi 14.

Kizibuo
Waalaykum salaam. Isimamishe leo hii. Mashapo yanataka siku nzima kutuama, la sivyo glasi za mwisho zitakuwa tope chungu. Kizibo cha umri huo ni laini, parafujo hukipasua kati. Tumia kile kizibuo cha ndimi mbili: zipenyeze pembeni, zungusha huku unavuta. Tazama na shingo. Mvinyo kushuka sentimita 2 au 3 chini ya kizibo ni kawaida, 5, ushuku. Kizibo kilichojitokeza juu ya mdomo na kunata chini ya kofia (ile foili inayofunika mdomo wa chupa) ni dalili ya joto, pengine tangu kontena.

BiKarafuu
Kasoro nyingi pua inazikamata. Mimina vijiko viwili, nusa kabla ya kuzungusha glasi. Boksi lililorowa: kizibo kimeuharibu, na hewa haitouponya. Siki au dawa ya kutolea kyuteksi: umechacha. Jamu iliyopikwa: joto. Ila usilichanganye boksi na uyoga au majani makavu. Hayo ndiyo yanayolipiwa kwenye Pinot Noir iliyozeeka. Ukisikia karafuu pia usishtuke: ni eujenoli, ileile ya karafuu zetu, imetoka kwenye pipa la mwaloni lililobabuliwa moto.
Rangi: inamisha glasi juu ya kitambaa cheupe. Ukingo wa tofali, sawa. Kahawia mpaka kati, umekufa.

Mhudumu_Kendwa
Ahsanteni. Niumimine kwenye jagi upumue saa moja?

Kizibuo
Hapana! Harufu ya mvinyo mzee hukimbia upesi. Fungua mezani, mimina kwa mkupuo mmoja bila kuirudisha chupa wima kati ya glasi, na mwishoni uwache mvinyo wa kina cha kidole kimoja chini ya chupa, wenye mashapo. Barazani kuna nyuzi 29, kwa hiyo mililita 75 tu kila glasi kwa mara moja, usije ukapata joto. Ukipita nyuzi 18, pombe ndiyo itakayotangulia puani.

BiKarafuu
Na ukinuka kiberiti mwanzoni, usiukatae. Upe dakika 10, mara nyingi hutoka. Ukakasi na urefu wa ladha, hayo muulize mgeni.