Jino la Bibi

[Kikundi: UKOO WA BI MKUBWA, Jumamosi usiku]

Salma (saa 1:48): Assalaam alaykum. Samahanini. Bibi kang'olewa gego saa nane mchana, tukarudi hana neno. Tangu magharibi damu inatoka. Hii kanga ya pili nafutia.

Mjomba Abdi: Waalaykum salaam. Kanga mbili?? Tuma picha.

Salma: 📷

Mjomba Abdi: Haionekani. Mwambie Mama apanue, umulike tochi.

Salma: 📷

Mamkubwa Mwanaidi: Yallah, mama yangu mie! Salma, maji ya chumvi ya moto. Asukutue, ateme, asukutue tena mpaka yatoke meupe.

Salma: Ndiyo tunachofanya muda wote huu mamkubwa. Yanatoka mekundu tu.

Twaha: Ugoro kidogo shimoni. Marehemu babu ndivyo alivyokuwa akifanya.

Mamkubwa Mwanaidi: Au karafuu ya kusaga.

Mjomba Abdi: Nampigia video nimwone mwenyewe.

Salma (saa 2:10): Mjomba kaongea naye dakika kumi, damu imezidi 😭

Rehema: Natoka kliniki sasa hivi nakuta ujumbe kibao. Shikamooni wakubwa. Salma, asisukutue tena. Asiteme. Ugoro hapana, karafuu shimoni hapana.

Rehema: Damu ya pengo inatakiwa igande iwe donge, ndiyo kizibo chake. Akisukutua anakitoa. Akitema anakitoa. Na kila picha mliyoomba mmekitoa nyinyi.

Mjomba Abdi: Sisi tunajali tu.

Rehema: Najua Mjomba. Salma, ile pamba waliyompa aume kule alikaa nayo muda gani?

Salma: Aliitoa kwenye bajaji. Dereva alitaja nauli, Bibi akaona hawezi kunyamaza.

Twaha: 😂😂😂

Rehema: Walikupa shashi za akiba?

Salma: Mbili, ziko kwenye bahasha ya dawa.

Rehema: Nawa mikono. Damu iliyoganda ikining'inia nje ifute taratibu, shimo usilichokoe. Kunja shashi moja iwe nene, ilowanishe kidogo kwa maji safi ili isigandamane na donge, iweke juu ya pengo lenyewe. Wengi huiweka pembeni, anauma meno ya jirani na pengo linabaki wazi. Aume kwa nguvu, akiwa amekaa kitako. Dakika 30 kwa saa, siyo kwa kukisia. Hakuna kufungua kuchungulia.

Salma (saa 2:19): Kauma.

Mamkubwa Mwanaidi: Na shashi zikiisha mwanangu?

Rehema: Kitambaa safi cha pamba. Hata kifuko cha majani ya chai nyeusi, kilowekwe, kipoe, kikamuliwe, aume hicho. Tanini, ule ukakasi wa chai, husaidia damu kuganda.

Mamkubwa Mwanaidi: Kumbe chai! Salma mpikie.

Rehema: Siyo ya kunywa mamkubwa 😅 Leo chochote cha moto hapana. Uji uliopoa, kwa kijiko, asivute kwa mrija.

Mjomba Abdi: Mbona mchana haikutoka? Hao hawajamharibu?

Rehema: Sindano ya ganzi mara nyingi huwa na dawa ya kubana mishipa. Ikiisha nguvu baada ya saa chache mishipa inafunguka, ndiyo maana watu wengi huiona damu jioni. Tena damu kidogo ikichanganyika na mate inaonekana ndoo. Mate yenye wekundu mpaka kesho yasiwatishe. Kinachotisha ni damu nyekundu inayojaa mdomo.

Rehema: Amekunywa dawa gani leo?

Salma: Panadol walizompa. Ngoja nimuulize, nimpe daftari aandike.

Salma (saa 2:31): Kaandika "aspirini 2". Kapewa na jirani, eti zinaua maumivu haraka. Na kile kidonge kidogo cha moyo cha kila asubuhi.

Rehema: Aspirini inazuia damu kuganda. Za jirani zikome, maumivu ni Panadol tu. Kile cha moyo asikiache kwa kujiamulia, Jumatatu aulizwe daktari wake. Waliomng'oa walijua anakitumia?

Salma: Kaandika "hawakuuliza". Sasa kafuta, kaandika "waliuliza".

Mjomba Abdi: Mama jamani.

Rehema: Presha?

Salma: 160 kwa 95. Dawa ya jioni hajameza, aliogopa kumeza damu.

Rehema: Shashi ikitoka ameze. Presha ikiwa juu nayo inasukuma damu. Twaha, gari liko tayari? Nusu saa mbili zikipita mdomo bado unajaa, au akiona kizunguzungu, jasho la baridi, kumeza au kupumua kwa shida, mnaenda hospitali ya Bombo usiku huu huu. Watamshona, au wataweka kisponji cha kugandisha damu. Mbebe vidonge vyake vyote, hata vya jirani.

Twaha: Niko mlangoni, funguo mkononi.

(saa 2:50)

Salma: Shashi imetoka. Ina wekundu kidogo katikati, mdomo haujai tena.

Mjomba Abdi: Alhamdulillah. Picha?

Mamkubwa Mwanaidi: ABDI!

Rehema: 😂 Ameze dawa ya presha, kisha aume ile ya pili nusu saa nyingine. Alale na mito miwili, kichwa juu. Maji ya chumvi yaanze kesho jioni, ya vuguvugu, ayazungushe taratibu kisha ayaachie yadondoke tu. Maumivu yakizidi siku ya tatu badala ya kupungua, mniambie, hilo ni jambo lingine.

(saa 3:24)

Salma: Imetoka karibu nyeupe. Anadai simu yake.

Rehema: Aandike tu. Sauti asitume.

Bibi: Mke mwenzangu kanifunga mdomo saa nzima. Abdi nimekuona. Twaha ugoro wako uweke mwenyewe. Kesho nipatieni namba ya yule wa bajaji, elfu tatu kutoka sokoni mpaka hapa siyo nauli