Spare Parts: kitangulizi cha sauti kiliongeza kitu, au kiliharibu fumbo?

Wadau, nianze kwa kusema upande wangu. Spare Parts ni tamthilia ya sauti ya Doctor Who, hadithi za kubuni za kisayansi za BBC kuhusu msafiri wa wakati aitwaye Doctor. Iliandikwa na Marc Platt, ikatolewa na kampuni ya tamthilia za sauti Big Finish mwaka 2002, na ni kitangulizi: inasimulia maadui wake maarufu, Cybermen, walivyoanza. Imeongeza kitu kikubwa, na wanaoiita ya ziada naona hawaitendei haki.

Kwa wasioifahamu: Cybermen, watu waliojigeuza nusu mashine, walitokea mara ya kwanza kwenye televisheni ya BBC mwaka 1966, katika The Tenth Planet. Humo asili yao inaelezwa kwa maneno machache tu: sayari yao, Mondas, ilisogea mbali, watu wakadhoofika, wakabadilisha viungo kimoja baada ya kingine, mwishowe wakaondoa hata hisia. Platt anatupeleka Mondas yenyewe, kwenye mji ulio chini ya ardhi, ndani ya nyumba ya familia moja, akina Hartley.

Wapinzani wana hoja mbili. Kwanza, adui akielezwa sana haogopeshi tena. Hiyo ina uzito. Vitangulizi vingi hufa kwa kueleza kila kovu lilitoka wapi. Pili, mwisho tunaujua, kwa hiyo taharuki itoke wapi? Hii siikubali hata kidogo. Binti wa akina Hartley, Yvonne, anapochukuliwa, sisi tunajua anakopelekwa, wazazi wa mji ule hawajui. Kisha anarudi nyumbani akiwa ameshageuzwa, na baba yake anatambua kwamba aliyesimama pale ni mwanawe. Nani atasikiliza sehemu hiyo aseme hakuna taharuki? Inauma kwa sababu tulijua tangu mwanzo.

Halafu kuna suala la sauti yenyewe. Cybermen wa 1966 walifunikwa nyuso kwa kitambaa, na leo kuna watazamaji wanaowacheka. Lakini usemi wao, ule wa kupandisha na kushusha maneno mahali pasipostahili, ulitisha kweli, na Spare Parts imeurudisha. Bila picha, unabaki na mtu anayejaribu kusema kama mtu na kushindwa. Isitoshe, sehemu ya nne ya The Tenth Planet karibu picha zake zote zilipotea; sauti ndiyo iliyosalia nzima. Kurudi kwa Cybermen kupitia sikio kunastahili.

Ninapokubaliana na wapinzani ni pale mwili wa Doctor unapotumika kama kielelezo cha kuwatengenezea Cybermen. Hapo ulimwengu wa hadithi umefinywa bila sababu, kila kitu kikirudi kwa Doctor. Watu wa Mondas walikuwa wakijiangamiza wenyewe kwa hofu ya kufa, hatua kwa hatua, kila hatua ikionekana ya busara. Hawakuhitaji mgeni wa kuwamalizia kazi, na kumtia shujaa katikati kunawapunguzia lawama iliyo yao.

Sasa ninyi mnaosema maelezo ya 1966 yalitosha: yalimweka wapi baba wa Yvonne?