Mtoto kapigwa mkasi swali zima la hesabu kisa kaanza na y badala ya x, hii ni haki kweli?

Wakuu habari za jioni, nimekereka na nisipoandika hapa silali. Binti wa dada yangu nakaa naye huku Igoma, yupo fomu wani shule moja ya kata hapa Mwanza, leo karudi na karatasi ya testi analia. Swali la saimoteniasi, yaani milinganyo miwili unayoitatua kwa pamoja, lilikuwa hili: 3x + y = 11 na 5x − 4y = 7, tafuta x na y kwa sabstitusheni, yaani unaitoa herufi moja kwenye mlinganyo mmoja unaipachika kwenye mwingine. Mtoto kaona y ya juu haina namba mbele, kaitoa hiyo, y = 11 − 3x, kaipeleka kwenye ya pili, 5x − 4(11 − 3x) = 7, kafungua mabano, 5x − 44 + 12x = 7, 17x = 51, x = 3, karudi juu kapata y = 2. Mkasi mwekundu swali zima, sifuri kwa 5, pembeni kaandikiwa aanze na x.

Aanze na x ya nini?? Ukianza na x hapo unapata x = (11 − y)/3, unaanza kuhangaika na sehemu, uzidishe kila kitu kwa 3, ukimaliza jasho lote hilo unakuja kupata y = 2 na x = 3, yale yale. Njia haichagui herufi jamani, unatoa iliyo rahisi kutoka, unaiweka kwenye mlinganyo wa pili, inabaki herufi moja unaimaliza. Na kuhakiki ni sekunde: 9 + 2 = 11, 15 − 8 = 7. Zote zimekubali, huyo mwalimu alisahihisha nini?

Halafu hapo kwenye −4 mara −3x ndipo wanafunzi wengi wanapoangukia, wanaandika −12x wanaishia na −7x = 51 na jibu la ajabu ajabu. Huyu kapatia, kaweka na mabano yake, hakuna aliyeona.

Mama muuza samaki pale mwaloni Kirumba mwambie sato wawili na fungu moja la dagaa ni elfu 18, sato mmoja na mafungu matatu elfu 14, atakutajia sato elfu 8 na fungu elfu 2, na hakuna atakayemuuliza kaanzia kwa sato au kwa dagaa.

Kinachoniuma mtoto sasa ananiambia mjomba kuanzia leo naanza na x hata kama ni 7x, bora nipate vema. Yaani kafundishwa kuogopa kufikiri!

Kesho asubuhi naenda shule na karatasi yangu mkononi, ugomvi sitaki, nataka alama zake 5 zirudi, na za wenzake wote walioanza na y. Walimu wa hesabu mliomo humu, kama kuna sheria ya kuanza na x nileteeni hapa niione.