Nataka kustaafia Mikindani, Mtwara. Wenyeji naombeni ushauri

ChakiNaVumbi
Wakuu, habari za majukumu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dar. Mwakani nafikisha 60, kwa hiyo hata nisipotaka naondoka kazini. Foleni za Mbagala zimenichosha na kelele za jirani mwenye baa zimenichosha. Nilisoma chuo cha ualimu Mtwara enzi za kuvuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na tangu wakati ule Mikindani haijanitoka moyoni. Mji mdogo, ghuba imetulia, nyumba za mawe, minazi, na Mtwara mjini ni kama kilomita 10 tu ukitaka benki au soko.

Naomba kujuzwa: hospitali ikoje? Mgeni anapokelewa? Na usalama, kwa yale mashambulizi yaliyotokea ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji? Majibu ya haraka tafadhali, usingizi umepungua.

Mzee wa Salfa
Karibu kusini mkuu. Achana na habari za ghuba, nunua shamba la mikorosho. Mimi mwaka 2018 serikali ilipoleta jeshi kununua kwa 3,300 kilo, nilikuwa na mzigo ghalani na nilijua nimeukata. Hela ilichelewa mpaka mke akaanza kuniita "mheshimiwa subira". Ila shamba ninalo hadi leo. Salfa ya kupuliza tu usikose, ugonjwa wa ubwiri unga ukishika maua umekwisha.

Pweza Mkavu
Mstaafu na mafao yake anakwenda Mtwara peke yake, hahaha. Mkuu, utatafutiwa jiko la pili kabla hujashusha begi. Tafuta anayejua kupika ming'oko, vile viazi pori vya kusini, mengine yatajipa.

Nesi Mstaarabu
Nijibu swali lililoulizwa. Kuna Hospitali ya Mkoa ya Ligula, na kuna ile ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo, ndani ya manispaa hiyo hiyo. Presha na sukari vinahudumiwa vizuri. Ila kuna magonjwa bado utaandikiwa Muhimbili, na Dar ni zaidi ya kilomita 550. Mei 2024 mvua zilipokata barabara kule Lindi, upande wa Somanga, mabasi yalikaa siku kadhaa. Uzee unataka hospitali karibu, bahari baadaye. Na chumvi mpunguze.

Sheria Ndogondogo
Mwalimu, umeuliza habari za mji kama mtu anayekwenda likizo. Nijibu matatu: unanunua nini, kwa nani, na umeshatoa hela?

ChakiNaVumbi
Ni nyumba. Ya zamani, ya mawe, pale mjini kwenyewe, chini ya Boma. Muuzaji namfahamu, ni mtu mwaminifu. Kuhusu hela tumeelewana.

Sheria Ndogondogo
"Tumeelewana" si jibu. Umetoa au hujatoa?

ChakiNaVumbi
Nimetoa sehemu. Milioni 18 kati ya 30. Ni mkopo wa saccos, nitaumaliza mafao yakitoka. Na msiniambie habari za katazo la kujenga ndani ya mita 60 kutoka baharini, nyumba ile ilikuwepo kabla ya sheria hiyo.

Kikokotoo Hakina Huruma
Hapo kwenye mafao. Natumaini hujapiga hesabu ya nusu. Mkupuo, yaani sehemu ya mafao unayolipwa mara moja, ulishuka hadi asilimia 33 mwaka 2022, bajeti ya 2024/25 ikaupandisha hadi 40. Waliokopa wakitegemea 50 nawafahamu, wengine wanauza maandazi.

Fundi Chokaa
Mimi nizungumzie nyumba yenyewe, maana nimefanya kazi hizo Kilwa. Kuta zile ni matumbawe na chokaa, dari ni boriti za mikoko. Mtu akinunua, kitu cha kwanza anamwita fundi wa mtaani apige plasta ya saruji ionekane mpya. Kosa kubwa. Ukuta wa chokaa unapumua, saruji inafungia unyevu ndani, na baada ya masika mbili plasta inabanduka na vipande vya jiwe. Boriti nazo huwezi kwenda kukata mikoko tu, kuna kibali. Halafu ni mji wa kale, kabla ya kubomoa hata dirisha waulize watu wa mambo ya kale. Lile Boma la Wajerumani la 1895 lilikarabatiwa likawa hoteli, lakini pale palikuwa na wafadhili. Wewe una saccos.

Andaa bei ya nyumba mara mbili.

Sheria Ndogondogo
Asante Fundi. Mwalimu, hati ina jina la nani?

ChakiNaVumbi
Ya marehemu baba yao. Wako ndugu saba. Wawili wako Msumbiji, mmoja Zanzibar. Lakini yeye ndiye mkubwa na ndiye anayekaa humo.

Sheria Ndogondogo
Ukubwa hauuzi nyumba. Mirathi imefunguliwa? Kuna msimamizi aliyeteuliwa na mahakama? Kama hakuna, umenunua ahadi ya mtu mmoja kati ya saba.

Pweza Mkavu
Mzee umeingizwa mjini, tena mji wenyewe mdogo hivyo 😂 Shemeji anajua?

ChakiNaVumbi
Kwanza mimi si mzee, ni mama. Mume wangu anajua nakwenda kusalimia rafiki wa chuo. Si uongo, muuzaji tulisoma naye. Msianze.

Pweza Mkavu
Shikamoo mama. Nimekaa chini.

Mzee wa Salfa
"Rafiki wa chuo." Aisee. Sasa naelewa kwa nini ghuba haijatoka moyoni.

Mama Samaki
Mnamcheka lakini wanaume wangapi humu wana kiwanja mke hakijui? Dada yangu, sikuhukumu. Ila mume wa miaka yote hiyo akisikia kwa majirani, hata hiyo bahari utaiona chungu.

Tomaso Asiyeamini
Hii chai. Mara mkuu, mara mama. Mara mji, mara nyumba, mara mpenzi. Huyu ni dalali anapasha joto soko. Wiki ijayo utaona "viwanja Mikindani, mandhari ya bahari".

ChakiNaVumbi
Sikusema mpenzi. Wala sikusema mimi ni mwanaume kwenye uzi, mmeniita wenyewe "mkuu".

Tomaso Asiyeamini
Haya, mlipanda pantoni mkitokea upande gani wa mto?

ChakiNaVumbi
Kutokea Dar, upande wa kaskazini. Mto ukijaa tunalala kwenye basi, wanafunzi na kuku. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003, nilishamaliza chuo zamani. Unataka na namba ya usajili wa chuo?

Boda wa Shangani
Dalali au si dalali, kiwanja nyuma ya Boma kinakwenda ngapi? Nije pm?

ChakiNaVumbi
Sina kiwanja! Nimempigia leo nikamuuliza mirathi. Kasema itafunguliwa, ila hao wa Msumbiji wanahitaji nauli ya kuja kusaini, laki nne.

Sheria Ndogondogo
Usitume. Wakutane kwanza wenyewe, mahakama imteue msimamizi, uone karatasi kwa macho yako. Hata shilingi usitume.

Mama Samaki
Naunga mkono.

ChakiNaVumbi
Hiyo ya nauli nilishatuma mchana. Ni mtu mwaminifu, nimewaambia.

Pweza Mkavu
Wasimamizi, fungeni uzi.