Naomba ushauri: kuhamisha CDI (kiboksi cha umeme wa cheche) ya jetiski ya 650 kwenda 701

Wakuu habari za jioni. Nipo Mwanza, nina jetiski mbili za Yamaha, zote tusitroki za silinda mbili: moja 650, nyingine 701 (namba za ukubwa wa injini). Ile ya 650 pistoni imekwangua silinda, haiamki tena. Ya 701 injini ni nzima ila cheche zimekata kabisa.

Nimebadilisha plagi, hakuna kitu. Nikachomoa waya wa swichi ya kuzimia (ile yenye kamba ya mkononi), maana ikipiga shoti inaua cheche, bado kimya. Stata (koili za kuzalisha umeme) nimeipima kwa mita, haijakatika. Kwa hiyo namshuku CDI.

Fundi mmoja huku Kirumba anasema, "Chomoa ile ya 650 uchomeke, Yamaha ni Yamaha." Huyu bwana ni mkali kweli kwa mashine za mitumbwi, lakini hapa moyo unasita. CDI ndiyo inayopanga cheche itoke lini na mzunguko wa injini ukomee wapi, na inasoma kutoka kwenye flaiwili (gurudumu lenye sumaku) na stata ya kwake. Cheche ikiwahi kupita kiasi, pistoni inatoboka, nibaki na jetiski mbili za maonyesho.

Aliyewahi kufanya hii kazi anisaidie: nihamishe CDI peke yake, au seti nzima na flaiwili? Na flaiwili ya 650 inakaa kwenye kranki ya 701? Nina wageni wa kuwapeleka Kisiwa cha Saanane wikendi, ila kuunguza injini kwa haraka sitaki.