Marangu, Machame au Lemosho: njia ipi inafaa kwa wanaopanda Kilimanjaro mara ya kwanza?

Mgeni wa Mlima: Ndugu zangu, mimi na mke wangu tunakusudia kupanda Kilimanjaro mwezi Februari. Tunavutiwa na Marangu kwa sababu ina vibanda vyenye vitanda, ila wenzetu wanatusukuma kuelekea Machame, ambako wapandaji hulala kwenye mahema. Lengo letu ni kufika kilele cha Uhuru, mita 5,895, tukiwa na afya njema.

Mzee wa Mandara: Vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo ni faraja kubwa mvua inaponyesha, na mwinuko wa njia hiyo ni wa taratibu. Udhaifu wa Marangu ni kwamba wengi huinunua kwa siku 5, mwili ukakosa muda wa kuzoea hewa nyepesi. Mkiichagua, ongezeni siku moja ya kukaa Horombo, mita 3,720, kabla ya kwenda Kibo.

Fundi wa Mahema: Naheshimu hoja ya Mzee, lakini Machame ina faida ambayo vitanda haviwezi kuifidia: mchana mnapanda hadi mwamba wa Lava Tower, zaidi ya mita 4,500, kisha mnashuka kulala kambi ya Barranco, mamia ya mita chini yake. Mwili huonjeshwa mwinuko, halafu hupumzika. Chukueni siku 7, si 6, ili mlale kambi ya Karanga badala ya kwenda kutoka Barranco hadi kambi ya Barafu kwa siku moja, kwa kuwa usiku wa Barafu ndio mnaoanza safari ya kileleni. Ukuta wa Barranco, yaani mwamba mtakaoupanda mkitoka kambini hapo, unatisha kwenye picha kuliko ulivyo.

Mpenda Shira: Lemosho, inayoanzia Londorosi upande wa magharibi, hukutana na Machame kabla ya Barranco. Ni tulivu zaidi siku za mwanzo, ila ada za hifadhi hutozwa kwa siku, hivyo siku 8 zitauma mfukoni. Njia ya Rongai, kwa kuwa upande wa kaskazini hupata mvua kidogo, ningeifikiria miezi ya mvua. Februari hakuna haja.

Mgeni wa Mlima: Nashukuru. Mke wangu huumwa kichwa anapopanda mwinuko kwa haraka. Je, hilo linabadilisha ushauri?

Fundi wa Mahema: Linaupa nguvu ushauri wa siku nyingi. Amwone daktari kabla ya safari, na mkubaliane mapema na kiongozi wenu kwamba maumivu yakizidi, au akianza kutapika au kuyumba, mtashuka mara moja hata kama kilele kinaonekana.

Mzee wa Mandara: Hapo sina ubishi. Machame ya siku 7, basi.