Run = kimbia?? Hawa watu wa kozi za Kiingereza wanatuona mafala

Wakuu nimekereka vibaya sana leo. Nimelipia kozi moja ya Kiingereza ya mtandaoni (jina nalihifadhi, wenyewe wanajijua), wale wa "ongea kama mzungu ndani ya miezi mitatu", nikatumiwa pdf ya maneno elfu moja, kila neno na maana moja tu. Run = kimbia. Basi, imeisha hiyo. Nikauliza kwenye grupu, admin ananijibu eti hiyo inatosha kwa anayeanza. Inatosha kumfanyia nini sasa??

Mpwa wangu yuko mapokezi kwenye gesti moja ya watalii. Mgeni mama wa makamo akashuka asubuhi akamwambia kwa Kiingereza chake "I'm running a temperature, my nose is running". Dogo kasikia run mara mbili, akajua mama katoka kukimbia mazoezi, akamsifia kabisa na akamletea maji ya baridi. Kumbe mama wa watu ana homa na mafua anataka dawa!! Bosi akamwita mzembe. Mzembe vipi wakati shuleni alifundishwa kimbia na akapewa vema kwa hilo hilo?

Na hapo bado. Bomba likiachwa wazi linarun, kampuni ukiiendesha unairun, sukari ikiisha dukani wame-run out, ukikutana na mtu bila kutegemea ume-run into him, gari likimgonga mtu lime-run over, mtu akigombea urais anarun na mgombea mwenza wake ni running mate, programu kwenye kompyuta inarun. Watu wakijazana benki kutoa hela zao kwa hofu kwamba inafilisika, hiyo nayo ni run. Kwenye kriketi ndio usiseme, run ni pointi. Soksi ndefu za kina dada zikifumuka uzi, run tena! Waliosoma ECA wanakumbuka short run na long run za Economics, wangapi walikariri tu mpaka wanamaliza form six bila kujua kwamba hapo hakuna mbio yoyote, ni kipindi kifupi na kipindi kirefu?

Wenye lugha yao wenyewe lilishawatoa jasho. Kwenye kamusi kubwa ya Oxford, toleo la 1989, neno lililokuwa linaongoza ni set, lilikuwa na maana kama 430 hivi. Walipokuja kulipitia upya run, mhariri mmoja anaitwa Peter Gilliver alikaa na hilo neno moja miezi tisa, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba kama kitenzi tu lina maana 645. Mia sita arobaini na tano jamani! Mtaalamu wa Oxford analea neno moja muda wa mimba, halafu wewe mwenye ring light yako unaniandikia kimbia na unachukua hela.

Najua kuna mjuaji atakuja hapa na "mbona Kiswahili tuna piga". Sawa tunayo, piga simu, piga pasi, piga deki, piga kura, piga magoti. Ila mgeni akija kujifunza Kiswahili hakuna mwenye akili anayempa "piga = chapa" akamwacha hapo, anapewa piga simu nzima nzima na kazi yake, ndio maana akitaka kupiga simu hamchapi mtu. Ndicho ninachodai kwenye run, nipeni na maneno linalotembea nayo, run out of nini, run into nani, run for cheo gani, nipeni sentensi ambayo mtu kweli anaisema dukani au hospitali. Sitaki zote 645, hata wazungu wengi hawazijui. Hata ishirini tu zile za kila siku zingemtosha yule dogo asiitwe mzembe mbele ya wageni.

Na hapo nimesema run peke yake. Nimechungulia kurasa nyingine sasa hivi: get wameandika pata, take wameandika chukua. Set hawajaiweka kabisa.